Kijicho cha Jicho Kali

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji yangu yumo jaridani. Si jarida lolote. Ni *Dadu na Simulizi*, jarida letu sisi tunaocheza hadithi mezani, linalotoka kila baada ya wiki mbili, ninalolinunua tangu toleo la kwanza. Nusu ukurasa! Na picha! Ameegemea ukuta, mikono kifuani, utadhani ndiye aliyevumbua moto.

Makala inaitwa "Siri Tano za Msimulizi Bora". Siri tano! Mtu huyu hajawahi kukalia kiti cha msimulizi hata dakika moja. Kwenye meza yetu msimulizi ni mimi, mwaka wa kumi na moja huu. Mimi ndiye ninayetunga hadithi, ninayechora ramani, ninayesema nyuma ya mlango kuna nini. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Anasema anachofanya, anarusha dadu, namwambia kama amepona au amekufa. Shemeji ni mwizi. Yaani mhusika wake ni mwizi. Kazi yake hasa ni fundi wa lifti.

Siri ya tatu: "Waache wachezaji wakushangaze." Hiyo ni yangu! Niliisema kwa mdomo wangu huu, jikoni kwangu, mwezi wa nane, yeye akila mkate wangu.

Mimi nimemwandikia mhariri barua kumi na saba kwa miaka sita. Nimemweleza kwa adabu zote kwamba jarida lina picha nyingi za mapanga na ramani chache. Kwamba kila kisa wanachochapa kinaanzia nyumba ya wageni, na kwenye kona yupo mtu aliyefunika uso. Kwamba wanasifia michezo isiyouzwa mahali popote ambapo binadamu wa kawaida anaweza kufika. Kwamba ramani ya ukurasa wa kati hutobolewa na pini za stepla katikati kabisa ya chumba cha hazina. Majibu niliyopata: hakuna. Hata "tumeipata" hakuna.

Mama mkwe amepiga simu. Amenunua nakala nne. Amemuuliza binti yake kama na mimi bado nacheza vile vimchezo vyangu.

Sina wivu. Naandika tu ili kumbukumbu ziwepo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya mchezo. Saa nane mchana, meza yetu ya chakula, watu watano. Mimi. Mke wangu, ambaye mhusika wake ni mganga. Kaka yake, mwizi. Nesi wa ghorofa ya juu, ambaye ni shujaa wa upanga. Na Mstaafu, aliyegawa barua za posta miaka thelathini na sasa ni mchawi, akiwa macho.

Mstaafu amekuja na jarida lake ili Shemeji alisaini. Alisaini! Kwa kalamu yangu!

Nikawaletea joka. Halikuwamo kwenye mpango wa leo, lakini limekuja, na limemwendea mwizi moja kwa moja. Shemeji akarusha dadu letu la pande ishirini. Likaviringika, likaanguka chini ya meza. Hapa kwetu dadu likianguka chini tunasema limeliwa na paka: halihesabiwi, rusha tena. Paka mwenyewe tulikuwa naye zamani, alikuwa na tabia hiyo. Akarusha tena. Ishirini! Joka limekufa kabla sijamaliza kueleza mkia wake.

Wakati wa chai Nesi akaanzisha jambo. Alisema mwezi wa nne tunaanza safari mpya, hadithi ya mwaka mzima, basi kwa nini tusipige kura ya nani awe msimulizi. Si kwa ubaya, alisema. Mstaafu akaunga mkono, kwa sababu mwenzetu mmoja ana siri tano. Kura ni tarehe 12 Aprili.

Nilitabasamu mpaka taya zikauma.

Nitasema ukweli, kwa kuwa daftari hili halina masikio. Mimi ni fundi wa miwani. Nakaa chumba cha nyuma cha duka, nasaga lenzi, natafuta skrubu ndogo kama chawa sakafuni. Wateja hawaijui sura yangu. Lakini Jumamosi watu wanne wananyamaza na kunitazama, wakingoja nitakachosema. Kile kiti sikitoi. Labda wanibebe nacho.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata mbinu! Nitaandika barua jaridani kumchambua mtaalamu wetu wa siri tano. Kwa jina la bandia, bila shaka. Watu wakisoma wataona kuwa kakurupuka, na kura itakuwa yangu.

Jina: Jicho Kali. Limenijia nikifuta miwani.

Nimeandika kwamba Siri ya Kwanza si siri, Siri ya Pili ni Siri ya Kwanza iliyobadilishwa shati, Siri ya Tatu imeibwa, na Siri ya Nne na ya Tano zinafaa kuandikwa ndani ya lifti ili msomaji akishuka azisahau. Nikaongeza mambo ya mapanga, nyumba za wageni na pini. Nimecheka peke yangu. Mke wangu aliuliza kutoka chumbani kuna nini. Nikamwambia nimekumbuka kitu.

Jumatano, 12 Machi

Mhariri amemjibu Jicho Kali. Siku tatu! Miaka sita barua kumi na saba, kimya cha makaburini. Jicho Kali siku tatu!

Anasema hajacheka hivyo tangu jarida lianze. Anasema hoja ya pini ni ya kina sana na anashangaa hakuna msomaji aliyewahi kuiona. Hakuna msomaji! Niliieleza katika barua ya pili, ya sita, ya saba na ya kumi na nne, na mchoro niliambatisha!

Anataka Jicho Kali apewe safu ya kudumu. Nimekubali kwa niaba yake.

Jumamosi, 22 Machi

Safu ilitoka jana. Leo kila mtu amefika mezani na jarida. Nesi ameikata kabisa, ataibandika ukutani zahanati. Mstaafu aliisoma kwa sauti ile sehemu ya lifti, akarudia.

Na Shemeji? Nilitegemea aone haya. Amecheka mpaka akashika mbavu. Alisema huyu Jicho Kali amemnyoosha na alistahili. Watu wakampenda zaidi kwa hilo! Mtu unamrushia jiwe, analigeuza kiti.

Kisha likaja lililonimaliza. Mstaafu akahema, akasema laiti meza yetu ingekuwa na mtu mwenye ulimi kama wa Jicho Kali. Alisema hivyo akinitazama, kwa huruma. Nesi akaitikia. Wakaanza kumwaza Jicho Kali ni mtu wa namna gani. Mrefu, wakasema. Amesoma. Hadithi zake mezani lazima ziwe moto.

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, mfupi, nimeshika sahani ya biskuti.

Mke wangu peke yake hakumsifu. Alisema jina angelipunguza kidogo tu.

"Si Jicho Kali," alisema. "Kijicho."

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi. Roho inaniuma. Huyu Jicho Kali amejiona sana siku hizi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekaa na safu ya pili muda wa chakula, chumba cha nyuma, lenzi za mteja zikiningoja kwenye trei. Mhariri anataka kitu kutoka maisha halisi. Nimempa "Wachezaji Wanne Niliowahi Kukutana Nao".

Mganga anayekuponya kulingana na kama uliosha vyombo. Shujaa wa upanga anayejumlisha kwa vidole, akifika kumi anaazima vya jirani. Mwizi anayetabasamu kana kwamba kila mlango umefunguka kwa heshima yake. Na mchawi. Sentensi ya mchawi nimeipigania siku tatu, kuanzia Ijumaa. Kwanza niliandika anakoroma kama jenereta. Hapana. Kila mtu anakoroma kama jenereta. Kisha kama ng'ombe. Hapana! Leo saa saba na robo ikakaa sawa: "Mchawi wao hulala na kukoroma kwa ufasaha kiasi kwamba maadui husalimu amri wakidhani ni laana ndefu."

Kwa ufasaha! Laana ndefu! Nimesimama nikazunguka mashine ya kusagia.

Nikamalizia kwa ushauri juu ya dadu linapoliwa na paka, na neno moja juu ya msimulizi wao, mtu mwenye kipaji na subira ya ajabu. Haki itendeke.

Nimetuma. Nani atajua? Meza ziko nyingi duniani.

Ijumaa, 4 Aprili

Limetoka. Nimesoma nikiwa nimesimama mlangoni kwa muuza magazeti, nikifurahi, mpaka nikafika "dadu linapoliwa na paka".

Nikakaa palepale juu ya rundo la magazeti.

Dunia nzima watu husema dadu limeanguka. Ni nyumba moja tu chini ya jua ambapo dadu huliwa na paka. Nimejichongea mwenyewe, kwa kalamu yangu, bila kulazimishwa na mtu.

Nimenunua nakala zote tisa zilizokuwapo. Nimefika nyumbani, nimekuta ya kumi imefunguliwa mezani. Mke wangu yuko jikoni. Vyombo vyote vimeoshwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Walikuja. Hakuna aliyegusa dadu.

Mke wangu akasoma safu yote kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma matokeo ya kipimo. Nesi alikuwa ameficha mikono chini ya meza. Mstaafu alikuwa macho kuliko nilivyowahi kumwona. Mke wangu alipofika pale pa paka, akainua macho. Nesi akasema, basi ni mmoja wetu. Alipofika kwa msimulizi mwenye subira ya ajabu, mke wangu alilisoma neno hilo mara mbili. Mara ya pili hakuwa akilitazama jarida.

Nikafungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Labda kwamba paka wetu alikuwa na marafiki nyumba nyingine, nao hula dadu.

"Ni mimi," akasema Shemeji. "Nisameheni. Nilipitiliza."

Wote wakamgeukia. Alisema mhariri alimwomba kitu cha kuchekesha, akaona aanze na kujisema yeye mwenyewe kwenye safu ya kwanza, kisha kalamu ikamchukua. Aliomba radhi kwa kila mmoja, kwa zamu. Mstaafu alisema imemuuma. Nesi alisema ana shahada. Wakaondoka kabla ya chai.

Na mimi? Nilimwacha aubebe mzigo wangu. Nilimtazama Shemeji, nikaona kitu kibaya sana: uungwana.

Jumatatu, 7 Aprili

Shemeji amekuja dukani. Dada wa mapokezi alimleta mpaka chumba cha nyuma, naye Shemeji akadai mkono wa miwani yake umelegea. Haukulegea. Niliukaza hivyo hivyo ili mikono yangu iwe na shughuli.

Nilimuuliza kwa nini. Akakaa juu ya kasha la fremu.

"Shemeji, ukurasa jaridani ninao," alisema. "Wewe una kiti. Ukikikosa utakuwa na nini? Jumamosi kaa kimya tu, watakuchagua."

Akaniomba pia nisimwambie dada yake, yaani mke wangu, kwamba yeye anajua kuwa dada yake anajua Jicho Kali ni nani. Akavaa miwani, akasema sasa imekaa vizuri, akaenda zake.

Mtu kama huyo utamfanyaje? Kumshukuru nilishindwa. Nilimpa kitambaa cha kufutia.

Siku tano tu za kukaa kimya. Kwani kazi?

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika hili chooni, mlango nimeufunga. Wenzangu wako mezani.

Kila kitu kilikuwa kimeshaiva. Kweli! Nesi alisema moja kwa moja kwamba baada ya yaliyotokea yeye hamwamini tena Shemeji, kura yake ni kwa msimulizi wa siku zote, hana makuu. Mstaafu akasema hata yeye. Mke wangu alinisogezea chai. Karatasi za kura zilikuwa zimeshakatwa, zimekunjwa, ziko kwenye bakuli la sukari. Ilibaki kuandika jina.

Hapo Mstaafu, Mungu amhifadhi, akalegea moyo. Alisema kosa ni kosa, lakini tuseme la haki: ile sentensi ya kukoroma ni nzuri. Ameisoma mara nyingi. Mwishowe amempigia simu mdogo wake akamsomea. "Kukoroma kwa ufasaha"! Nesi naye, mdomo ukimcheza, akakiri kwamba vidole vya jirani vilimchekesha siku ya pili yake. Wakamgeukia Shemeji. Mstaafu akamuuliza aliipataje sentensi kama ile.

Shemeji akainua mabega.

"Imekuja tu," alisema.

Imekuja tu.

Imekuja tu! Siku tatu! Jenereta! Ng'ombe! Chakula changu kilipoa juu ya mashine ya kusagia! Nilijiambia, kaa kimya. Nilishika ukingo wa meza. Nilihesabu mpaka kumi na kuanza vya jirani. Na Mstaafu akasema, unaona, kipaji ndicho hicho, wengine tunahangaika wenzetu inawajia tu.

Nikasimama.

"Ni yangu," nikasema. "Yote ni yangu. Jicho Kali ni mimi."

Na ningeishia hapo! Lakini nilikuwa nimeshashika kasi. Nikawaeleza habari ya jenereta na kwa nini ng'ombe alishindwa. Nikawaeleza kwamba "laana ndefu" ina mzani wake, "laana" peke yake isingebeba. Nikamwomba Nesi anyooshe vidole ili waone nilivyokuwa nimechunguza. Nikasema barua ya lifti pia ni yangu, na mhariri alinijibu kwa siku tatu, siku tatu! Nilipomaliza nilikuwa natweta, natabasamu, nangoja makofi.

Ulimi hauna mfupa, lakini umenivunja.

Mstaafu akasukuma bakuli la sukari katikati. Tukapiga kura. Shemeji kura tatu, mimi mbili. Moja ya zile mbili ni yangu. Ya pili naujua mwandiko wake: ni ya Shemeji. Hiyo ndiyo imeniuma kuliko zile tatu.

Jumapili, 13 Aprili

Mke wangu amezungumza. Alikuwa anakunja shuka, ncha mbili kashika yeye, mbili mimi, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Alisema alijua tangu Jicho Kali wa kwanza, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliye hai anayechukia pini za stepla kiasi kile. Alinyamaza ili nikiri mwenyewe, kwa wakati unaofaa. Nikamwambia, nimekiri. Akasema hapana.

"Kaka yangu alikutoa motoni," alisema. "Wewe ukarudi ndani kuchukua sifa."

Nilijaribu kumweleza habari ya "imekuja tu". Akachukua shuka lote akaenda nalo.

Nimepanda juu kumwomba radhi Nesi. Alinionyesha vidole kumi mlangoni, akafunga. Nimekwenda kwa Mstaafu. Yeye alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akaleta jarida na kalamu. Nikaona, ah, anataka saini. Nikavua kofia ya kalamu kwa unyenyekevu. Kumbe anataka niandike "samahani", pembeni mwa sentensi, na tarehe. Nimeandika. Ilinibidi niisome tena. Bado ni nzuri.

Nimemwahidi mke wangu kwamba Jicho Kali amekufa. Nimemwandikia mhariri kumuaga. Nimeapa sitaandika tena kwa jina la mtu asiyekuwapo, na sitamwonea wivu mtu yeyote wa ukoo huu. Najisikia mwepesi. Nimekuwa mtu mwingine.

Ijumaa, 18 Aprili

Toleo jipya. Nimelifungua kwa moyo mweupe kabisa.

Ukurasa wa barua. Barua moja tu, ukurasa mzima, imezungushiwa mstari mwekundu. Imetoka kwa mke wangu. Kwa jina lake kamili! "Kuishi na Msimulizi". Anaeleza jinsi mumewe anavyouliza kilicho nyuma ya mlango wa friji kabla ya kuufungua. Jinsi alivyochora ramani ya kwenda sokoni, akapotea. Chini mhariri ameandika kwa herufi nene kwamba hii ndiyo barua bora ya mwaka, na anaomba, tena anasihi, aandike nyingine.

Barua yake ya kwanza. Ya kwanza!

Shemeji amepiga simu akicheka. Nesi ameshuka ngazi akicheka, amemkumbatia mke wangu, hata mimi amenipa mkono, vidole vyote vitano. Mama mkwe amenunua nakala kumi. Kesho Shemeji anaanza safari mpya, na wamekubali niwe mezani. Mhusika wangu atakuwa mbeba mizigo. Nimempongeza mke wangu mara mbili. Alinitazama machoni, akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hata kidogo. Nimefurahi kweli.

Ila aya ya nne ina udhaifu. Nasema tu kama msomaji. Ile ramani ya sokoni ilikuwa sahihi, soko ndilo lililohamishwa. Jarida lenye heshima haliwezi kuchapa jambo kama hilo bila upande wa pili. Mtu asiyehusika akiandika mistari michache ya kuweka sawa, hiyo si hila. Ni huduma kwa wasomaji.

Nimefungua anwani mpya ya barua pepe muda wa chakula. Mara hii mwandishi ni ajuza, mjane, anaishi mbali sana, hamjui mtu. Hakuna atakayenishuku. Nimeanza vizuri: "Ndugu Mhariri, kwanza kabisa, mimi si mume wake."